Mtoto wa Hadithi Hakumsalimia Bibi

Nikishika kitabu cha mtoto dukani, sianzi na jalada. Nafungua katikati, natafuta ukurasa ambao mtu anafika kwa mwenzake, nasoma wanavyopokeana. Hapo kitabu kinajieleza chenyewe. Mjukuu akiingia kwa bibi yake baada ya kutoonekana mwaka mzima, na neno lake la kwanza likawa kuomba keki, najua hadithi hiyo ilifikiriwa kwingine ikaletwa kwetu baada ya kubadilishiwa majina. John amekuwa Juma, lakini nyumba ni ile ile ya John.

Kipimo hiki nilipewa na mtoto. Binti wa kaka yangu, wakati huo yuko darasa la tatu, alikuwa anatusomea kwa sauti hapa nyumbani Uyole, Mbeya. Akafika mahali ambapo mtoto wa hadithi anatoka shule, anampita bibi yake kibarazani, anaingia ndani kufungua friji. Akanyamaza.

"Shangazi, huyu hajamsalimia bibi."

Nikamwambia aendelee. Akasoma mistari miwili mitatu, akarudi nyuma kuhakikisha. "Hajamsalimia kabisa. Na bibi mwenyewe hajasema kitu." Alikuwa anasubiri hadithi imkute yule mtoto, bibi akasirike, au mama atoke jikoni amrudishe kibarazani akaseme shikamoo. Haikutokea. Kwake yeye hilo ndilo lilikuwa tukio kubwa la ukurasa ule, na aliyeuandika hakujua hata kama ameliandika.

Tangu hapo naamini utamaduni wa kitabu unakaa katika yale ambayo watu wa hadithi wanayafanya bila kuelezwa: nani anamtuma nani, nani anakula na nani, mtoto anamwitaje kaka ya mama yake, mgeni anakaribishwa kwa kitu gani. Msonge na ngoma kwenye jalada haviniambii chochote. Vitabu vingi vinavyouzwa kwa sifa ya mila zetu vina mzee wa ndevu nyeupe ameketi chini ya mbuyu. Mtoto wa Mbeya mbuyu anauona basi likishashuka Kitonga na kufika Ruaha Mbuyuni. Nyumbani kwake kuna ukungu, sweta la shule, viazi, migomba na moto wa kuni unaowashwa ili nyumba ipate joto kabla hata ya kufikiria chai. Mtoto wa Makete anaamka mwezi wa saba anakuta majani yamepauka kwa baridi kali, kisha anafungua kitabu cha "nchi yetu" na kila ukurasa una mnazi na simba.

Sisemi mtoto wa nyanda za juu asome habari za nyanda za juu peke yake. Nataka asome pia habari za mvuvi wa Pemba na mfugaji wa Longido. Ila mwandishi wa kitabu cha Pemba awe anajua dema, ule mtego wa samaki, linavyofumwa na linavyotegwa, asinichoree mashua iliyoegeshwa pembeni kama pambo.

Njia yangu ya kupima ni kujiuliza: nikiutoa utamaduni, hadithi inabaki? Ikibaki vile vile, basi ulikuwa pambo. Ikivunjika, kitabu hicho nakinunua hata kama karatasi yake ni duni.

Watu wengi hudhani kipimo hiki ni cha vitabu vya wakubwa, kwamba anayejifunza silabi apewe mpira, paka na gari, utamaduni atakutana nao akishajua kusoma. Silikubali jambo hilo hata kidogo. Tazama hadithi hii, ambayo niliitunga kwa ajili ya mdogo wetu wa darasa la kwanza na kuiandika kwenye daftari la kuchorea: Mama ametoa ndizi. Naenda kwa jirani. Jirani ametoa mayai. Narudi nyumbani. Sahani haikurudi tupu. Sentensi tano, maneno kumi na manne. Mtoto aliyewahi kutumwa kwa jirani na sahani iliyofunikwa anaielewa yote, na anajua kwa nini jirani hakuweza kuirudisha mikono mitupu. Ukiitoa desturi hiyo, hakuna hadithi, kuna mtoto anayetembea huku na huku.

Kwa anayeanza, nusu ya kitabu iko kwenye picha, kwa hiyo picha nazikagua kwa ukali. Mama amembeba mtoto mgongoni: mbeleko imepita juu ya mabega au chini ya makwapa, imefungwa wapi? Sufuria imekaa juu ya mafiga matatu, au inaelea? Kuna kitabu kimoja kizuri sana kwa maneno ambacho mtoto wa dada yangu, aliyekulia Tukuyu, alikikataa kwa sababu ya mgomba. Mchoraji alichora mkungu ambao ndizi zake zote zinatazama chini. "Mama mdogo, ndizi hazikai hivi." Ni kweli, kwenye mkungu ndizi hujikunja kutazama juu. Mtoto anayeijua migomba hivyo akishaona mchoraji hakuitazama, anaanza kukitilia shaka kitabu kizima, na mimi simlaumu.

Sasa kuhusu hatua za usomaji zenyewe. Kiswahili kinasomeka kama kinavyoandikwa, na hiyo ni neema kubwa kwa mtoto. Mtaala wa darasa la kwanza na la pili ulioanza mwaka 2015, ule wa Kusoma, Kuandika na Kuhesabu, ulianza na sauti za herufi na silabi, na mtoto akishazipata anaweza kutamka karibu kila kitu. Ndiyo maana mzazi anadanganyika. Mtoto anatiririka ukurasa mzima, wewe unampigia makofi, ukimuuliza nani aliiba asali hajui. Ametamka, hajasoma. Kwa hiyo nikitaka kujua kama kitabu kinamfaa namwacha asome ukurasa mmoja, nafunga kitabu, namwambia anisimulie. Akinisimulia kwa maneno yake, na hasa akiongeza vya kwake, kitabu ni chake. Akirudia sentensi ya mwisho tu, bado.

Na wingi wa maneno kwenye sentensi usikutishe wala usikutulize. "Hawakumwambia" ni neno moja, lakini kwa mtoto wa darasa la kwanza ni mlima. Vitabu vinavyoandikwa moja kwa moja kwa Kiswahili na mtu anayefahamu watoto huanza na vitenzi vifupi: analima, amekuja, anapika. Vilivyotafsiriwa vina sentensi fupi zilizojaa maneno marefu, kwa sababu aliyehesabu alihesabu kwa lugha nyingine.

Tatizo la nyumba kama yetu ni kwamba watoto hawako hatua moja. Yuko wa silabi, yuko wa sentensi, yuko wa darasa la sita, na wote wanakaa mkeka mmoja jioni. Dawa yake tunayo tangu zamani, na ndiyo inayonifanya nipende hadithi za bibi zilizoandikwa vizuri. Hadithi za bibi zina wimbo. Msichana anakwenda kisimani, anakutana na joka, anaimba. Anarudi, anaimba tena. Ndugu zake wanamtafuta, wanaimba ule ule. Kitabu kikiuhifadhi wimbo huo mahali pake, mara nne au tano, una kitabu cha hatua tatu ndani ya jalada moja. Mkubwa anasoma masimulizi, wa katikati anasoma maneno ya joka, na mdogo kabisa anasubiri kidole chake kikiwa kwenye mstari wa wimbo, ambao ameshaujua kwa masikio kabla ya kuujua kwa macho. Mara ya tatu hauimbi kwa kukariri tena. Anazitazama silabi na kuzitambua. Nimeona hilo likitokea kwa zaidi ya mtoto mmoja na sijaona mbinu ya darasani inayolifikia.

Rungwe, bibi akisimulia kwa Kiswahili kwa ajili ya wajukuu wa mjini, wimbo hubaki Kinyakyusa. Kitabu kinachouacha hivyo nakipenda kuliko kinachoutafsiri, maana mapigo yake yakipotea watoto hawaimbi tena, wanasoma shairi baya. Watoto wetu wanaweza kutamka Kinyakyusa, Kihehe au Kibena kwa silabi zile zile walizofundishwa shuleni, na asiyeelewa anayo sababu ya kumpigia bibi simu.

Kuna jambo ningependa wachapishaji walisikie. Acheni kumrekebisha Sungura. Katika hadithi tulizolelewa nazo Sungura anamdanganya Fisi, anakula chakula cha wote, anakimbia, na mara nyingine hashikwi. Siku hizi nakuta vitabu ambavyo ukurasa wa mwisho Sungura anaomba msamaha na kuahidi kuwa mtiifu, kisha chini kuna maandishi ya "tumejifunza nini". Wazee hawakuwa wazembe walipoiacha hadithi wazi. Waliiacha ili watoto wagombane juu yake: Fisi alistahili? Sungura ni mjanja au ni mwizi? Watoto wa hatua ya sentensi, darasa la pili hadi la nne, wana kiu kubwa ya ugomvi wa namna hii. Ukiwapa jibu lililoandikwa chini ya ukurasa, kitabu kimefungwa.

Mtoto ninayemfikiria kuliko wote ni mwingine. Ana miaka kumi na mbili au kumi na tatu, labda alichelewa kuanza, labda alikaa na ng'ombe Usangu, labda darasani walikuwa wengi mno. Anasoma kwa shida kama wa darasa la pili, lakini kichwani ni mtu mzima mdogo: anajua bei ya mpunga, ameshazika, ameshasafiri peke yake. Ukimpa kitabu cha kuku na vifaranga unamtukana mbele ya wadogo zake, na hatakishika tena kitabu kingine. Huyu anahitaji sentensi fupi zenye mambo makubwa. Nimeona vitendawili vikimfaa kuliko kitu chochote. Kila kimoja ni mstari mmoja, kina siri ndani yake, na akisharidhika kwamba ameusoma sawasawa anaweza kuinuka na kusema "Kitendawili!" nyumba nzima ikaitikia "Tega!" Wakishindwa, wanampa mji. Aliyekuwa wa mwisho kusoma anakuwa ndiye anayegawiwa miji. Mkusanyiko wa methali nao unafaa kwa njia hiyo, ikiwa hauna maelezo marefu ya maana, na katuni nzuri za magazetini nazo zinafaa.

Yupo pia mtoto wa shule za Kiingereza. Anasoma Kiingereza kwa kasi ya umri wake, lakini Kiswahili, ambacho anakizungumza siku nzima, anakisoma kwa kukwama. Mzazi anamletea kitabu cha Kiswahili cha darasa lake anakikimbia. Kwa huyu natumia African Storybook, mradi wa taasisi ya Saide ya Afrika Kusini ambao tovuti yake ilifunguliwa mwaka 2014. Hadithi zake ziko kwa lugha nyingi za Afrika, Kiswahili kikiwemo, na zimepangwa kwa hatua, kuanzia maneno ya kwanza hadi aya ndefu. Mtoto anasoma hadithi ile ile kwa Kiingereza, kisha kwa Kiswahili, na kwa kuwa mambo ya ndani anayajua tayari, nguvu zote anazipeleka kwenye lugha. Zinatolewa kwa leseni huria, kwa hiyo unaruhusiwa kuzichapa na hata kuzirekebisha. Mimi hupeleka steshenari, wananichapia, natia pini za stepla, kitabu kimepatikana kwa gharama ya karatasi. Ubora unatofautiana sana kati ya hadithi moja na nyingine. Kipimo cha salamu kinafanya kazi huko pia.

Wa darasa la tano na la sita wanafika kwenye historia, na hapa ndipo ninapokuwa mkali zaidi. Iringa huwezi kumkwepa Mkwawa, mtawala wa Wahehe, wala hupaswi. Mtoto akijua kwamba tarehe 17 Agosti 1891 jeshi la Wahehe lilivizia kikosi cha Wajerumani pale Lugalo na kumuua kamanda wake, Emil von Zelewski, anainuka kifua mbele. Akijua kwamba boma la Kalenga lilianguka mwaka 1894, kwamba Mkwawa alipigana porini mpaka akajiua mwaka 1898 ili asikamatwe, kwamba fuvu lake lilitajwa katika Mkataba wa Versailles wa 1919 na likarudishwa Kalenga mwaka 1954, anakuwa na hadithi ambayo hakuna mtunzi angeithubutu. Na anaweza kwenda kuliona fuvu lenyewe katika makumbusho ya Kalenga, mwendo mfupi kutoka Iringa mjini.

Lakini mtoto wa dada yangu mwingine kwao kwa baba ni Usangu. Alikuwa anasoma habari hizo kwa furaha, akaniuliza Wasangu walikuwa wapi siku hizo. Jibu halimo katika vitabu vingi vya watoto. Wasangu wa mtawala Merere walikuwa wamesukumwa na Wahehe kutoka nchi yao hadi Utengule, karibu na Mbeya ya leo, na Wajerumani walipokuja waliungana nao dhidi ya Mkwawa. Mwandishi anaogopa kuliandika hilo kwa sababu shujaa wake atapata doa, au kwa sababu kabila fulani litaonekana wasaliti. Mtoto wa miaka kumi na mmoja anaweza kulibeba. Nilimsimulia, akafikiri sana, akasema kwamba hata yeye angetaka kurudi kwao. Kitabu cha historia kinachostahili hatua hiyo ni kile kinachompa nafasi ya kusema sentensi kama hiyo, Mhehe na Msangu wakiwa wamekaa benchi moja wanasoma nakala moja.

Vitabu vya maarifa watu huviweka kando wanapozungumzia utamaduni, na mimi sioni kwa nini. Kipunji, nyani wa msitu wa Mlima Rungwe, alijulikana kwa wanasayansi mwaka 2003, akaelezwa rasmi mwaka 2005, na mwaka 2006 akawekwa kwenye jenasi yake mwenyewe iliyopewa jina la mlima huo, Rungwecebus. Watafiti walianza kumtafuta kwa sababu wawindaji wa vijiji vya pale walikuwa wakimtaja. Kitabu kitakachoanza na yule mwindaji na maarifa yake, kisha ndipo mtafiti aingie, kitamfundisha mtoto wa Tukuyu jambo kuhusu kwao ambalo picha ya ngoma haiwezi. Vivyo hivyo kimondo cha Mbozi, nguzo za mchanga za Isimila na zana zake za mawe, na Kitulo, tambarare ya maua iliyofanywa hifadhi ya taifa mwaka 2005, ambayo watu wa pale wanaiita Bustani ya Mungu. Kitabu cha Kitulo kisichosema kwamba viazi vya okidi huchimbwa na kuuzwa hadi Zambia kwa ajili ya chakula ni kalenda yenye picha nzuri.

Upatikanaji ndio unaochosha. Maduka mengi ya vitabu ya Mwanjelwa na Iringa mjini yamejaa vitabu vya kiada, daftari na mitihani iliyopita. Vya hadithi vinakuwa rafu moja. Inabidi kuagiza Dar es Salaam, kwa wachapishaji Mkuki na Nyota au wengine wa namna hiyo, na basi la usiku linaleta kifurushi. Vitabu vilivyotoka kwenye Mradi wa Vitabu vya Watoto, ulioanza mwaka 1991, bado vinapatikana hapa na pale, na huwa naviokota kila ninapoviona, kwa sababu viliandikwa na Watanzania kwa Kiswahili tangu sentensi ya kwanza. Iringa ilikuwa moja ya mikoa ya Tusome Pamoja, mpango wa kuinua usomaji shuleni, kuanzia mwaka 2016, hivyo ukiwa mzazi huko uliza shuleni kwa mwanao kuhusu vitabu vya hatua. Uliza kwa upole, na omba vitoke kabatini. Maktaba ya mkoa nayo usiipite bila kuingia.

Kabla ya kununua nakala nyingi kwa ajili ya watoto wa jirani na wa kanisani, huwa nampigia mama yangu simu na kumsomea kurasa mbili. Akinikatiza kusema "hapana, sisi hatufanyi hivyo," narudisha kitabu. Akinikatiza ili aendeleze hadithi mwenyewe, nachukua.

Ninachokitafuta sasa na bado sijakipata ni kitabu cha hatua ya kwanza kuhusu Wakisi wa Ziwa Nyasa. Akina mama wa Ikombe wanafinyanga vyungu, wanavichoma, mitumbwi inavivusha hadi soko la Lyulilo, pale Matema, siku ya Jumamosi, na kutoka hapo vinasambaa nyanda za juu zote. Kila hatua ya kazi hiyo ni sentensi moja na picha moja: Mama anachimba udongo. Mama anaufinyanga. Moto unawaka. Mtumbwi umejaa. Kinahitaji mchoraji aliyekwenda Ikombe akakaa na wafinyanzi hao na kuangalia mikono yao inavyozunguka chungu, na mwandishi atakayejizuia asizidishe sentensi moja kwa ukurasa. Kama wewe ni mmoja wa hao wawili, niandikie. Karatasi na gharama za kuchapa nakala za kwanza tutazitafuta huku huku Mbeya.